Mkono wa Mfungaji

Mke wangu ni mfungaji wa netiboli. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu hapa Handeni watu wengi wanamfahamu kama mwalimu wa darasa la tatu, na wengine wanamdhania kuwa mwenye duka la pembejeo karibu na soko, ingawa duka ni langu na yeye hukaa pale Jumamosi tu. Mimi nilimfahamu kama mfungaji kabla sijajua hata jina lake.

Ilikuwa Korogwe. Nilikwenda kufuata mbegu za mahindi kwa wakala, nikaambiwa gari la mzigo halijafika, nisubiri. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kiwanja cha shule, walimu wanacheza netiboli, nikavuka kwenda kuangalia. Goli la netiboli ni mlingoti wenye ringi ya chuma juu, basi. Hakuna ubao wa nyuma wa kukusaidia kama kwenye mpira wa kikapu. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kila timu, na lazima warushe wakiwa ndani ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli. Ukishadaka huruhusiwi kutembea na mpira, wala kukaa nao muda mrefu.

Mfungaji mmoja alikuwa msichana mwembamba, si mrefu. Beki aliyemkaba alimzidi kichwa kizima. Kila alipopata mpira aliunyanyua, magoti yakakunjika kidogo, mkono ukanyooka, na mpira ukapanda juu kupita kiasi, hata mara ya kwanza nikadhani umemponyoka. Kisha ukashuka wima katikati ya ringi bila kugusa chuma. Alikuwa ameshageuka kurudi kwenye nafasi yake kabla mpira haujafika chini. Gari la mzigo lilikuja, wakala akanipigia simu, na mimi nikabaki palepale mpaka filimbi ya mwisho.

Mambo ya posa ni marefu, niyaache. Tulipooana akahamishiwa shule ya Handeni, akaingia timu ya walimu wa huku, na jioni nyingi nikifunga duka nilipitia kiwanjani. Nilimuuliza anafanyaje. Mimi niliwahi kucheza mpira wa miguu nikiwa beki wa kubahatisha, nilitaka kujua siri ya watu wanaoweza. Akafikiri, akacheka, akasema hajui. Akishaunyanyua mpira, alisema, anakuta umeshaingia.

Aliyenieleza kidogo ni mama yake, tulipokwenda kumsalimia kijijini kwao Bungu, milimani Usambara. Nyumba yao iko kwenye mteremko, na shule aliyosoma mke wangu iko mgongoni mwa kilima, kiwanja chake kimechimbwa kwa majembe. Upande wenye goli ndio uliopakana na bonde. Mpira ukirushwa kwa nguvu ukakosa ringi, ulikwenda mpaka kwenye migomba huko chini, na sheria ya wasichana ilikuwa aliyekosa ndiye anayeshuka kuufuata. Asubuhi za ukungu walikuwa wanautafuta kwa kupapasa.

"Huyu alikuwa mvivu wa kupanda kilima," mama mkwe akaniambia, huku anamenya viazi. "Basi akaona bora autupe juu, ukikosa uangukie hapohapo. Kuni zangu zilikuwa hazifiki nyumbani, yuko anatupa mpira."

Mke wangu akamjibu kwa Kishambaa, haraka, wakacheka wote wawili, na sikutafsiriwa. Lakini nilielewa nilichokuwa nakiangalia siku ile Korogwe. Mrusho ule haukufundishwa na kocha yeyote. Ulitengenezwa na kile kilima, jioni baada ya jioni, mpaka ukawa wa kwake kama anavyotembea.

Ni kilima hichohicho kilichomvunja. Tulikuwa tumepanda tena Bungu wakati wa mvua za masika, kwenye harusi ya binamu yake. Asubuhi ya kuondoka alitangulia kushuka kwenda barabarani, kikapu cha maharage kichwani, na udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni. Nilimwona miguu ikimtoka. Aliuangukia mkono wa kulia, na nilipofika alikuwa amekaa katikati ya maharage, ameukumbatia kifuani, uso umepauka. Hakulia. Aliniuliza kama nadhani umevunjika. Mkono ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo, nikamwambia twende hospitali.

Hospitali ya Korogwe wakamnyoosha mfupa, wakamfunga plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kipindi hicho nilijifunza kusuka nywele, kwa kiwango cha kuwachekesha walimu wenzake, na yeye akajifunza kuandika ubaoni kwa kushoto. Tuliishi vizuri. Hogo ilipotolewa, mkono ulitoka mwembamba, una ngozi kavu, na kifundo kilikataa kukunjika kwenda nyuma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mazoezi, akayafanya bila kuruka hata siku moja. Kifundo kikalegea kiasi, kisha kikagoma. Mtaalamu akasema hapo kilipofikia panatosha kwa kazi za nyumbani na za darasani.

Kuhusu netiboli mke wangu hakumuuliza, naye hakusema.

Jioni ya kwanza kurudi kiwanjani nilimfuata, nikasimama chini ya goli ili nimrudishie mipira. Alirusha, ukapita chini ya ringi. Akarusha tena, ukaenda pembeni. Aliendelea mpaka adhana ya magharibi na sidhani kama iliingia hata mitano. Usiku alikaa na simu ya mwalimu mwenzake iliyokuwa na video fupi ya mechi ya zamani, akawa anaisimamisha na kuirudisha nyuma. Kumbe alikuwa anajisoma. Kiwiko kilikuwa wapi, magoti yalikunjika lini, vidole viliachia mpira vipi. Kesho yake alikwenda kiwanjani na hayo yote kichwani.

Ikawa mbaya zaidi. Nilimsikia akijiambia kwa sauti ya chini, "Goti, kiwiko, mkono," na kila alipotaja kitu, kitu hicho kilikakamaa. Mwili uliokuwa mmoja ukawa vipande vinavyosubiriana. Mkono ulinyooka magoti yakiwa yameshamaliza kazi yao, na mpira ulitoka hauna nguvu, kama umeombwa tu utoke. Alikuwa anajitahidi kuliko nilivyowahi kumwona akijitahidi, na jitihada ndiyo ilikuwa inamkwaza.

Mahali nilipokuwa nasimama palinipa kitu ambacho yeye hakuwa anakiona. Chini ya goli unamtazama mfungaji usoni. Nikakumbuka sura yake ya zamani: kabla ya kurusha macho yalikuwa yanatulia mahali pamoja pale juu golini, yanakaa hapo, ndipo mpira unatoka. Sasa hayakutulia. Yalikwenda kwenye mkono wake, yakaruka kwenye ringi, yakarudi mkononi, na mpira ukatoka yakiwa bado njiani. Nilitaka kumwambia. Lakini nilikuwa nimeona kilichowapata magoti na kiwiko baada ya kutajwa, nikaogopa kumwongezea macho kwenye orodha yake. Nikaendelea kuokota mipira.

Jioni moja akaketi juu ya mpira, akasema atarudisha jezi kwa mwalimu mkuu ambaye ndiye kocha wao, wamtafute mwingine. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikakaa naye chini, nikamuuliza habari za shule. Akaanza kunisimulia juu ya mbuzi aliyeingia darasa la kwanza wakati mwalimu ametoka, akatafuna chati ya herufi iliyobandikwa ukutani. Simulizi ilimnoga. Akasimama ili anionyeshe yule mbuzi alivyokuwa anawatazama watoto huku herufi zinaning'inia mdomoni, na kwa kuwa alikuwa ameuokota mpira aliokuwa ameukalia, akaurusha golini huku anaongea.

Ukaingia.

Hakusita. Nilimrudishia, nikamuuliza, mbuzi akafanyaje. Akarusha tena, ukaingia. Uliofuata uligonga chuma ukatoka, naye hakuujali, alikuwa amefika kwa mwenye mbuzi aliyekuja kudai mnyama wake amelishwa karatasi. Baada ya hapo likawa jambo letu. Kila jioni alirusha na kusimulia: ugomvi wa vibanda sokoni, shangazi yake wa Mpale anayekataa kupanda pikipiki, chochote. Mimi niliuliza maswali ya kijinga ili asimalize.

Mrusho uliorudi haukuwa ule wa zamani, na hili nataka lieleweke. Kifundo kilikuwa hakikunjiki, kwa hiyo mkono wenyewe ulitafuta njia nyingine. Aliuanzia mpira usawa wa paji la uso, mkono wa kushoto ukausindikiza muda mrefu zaidi, na magoti yakafanya kazi iliyokuwa ya kifundo. Alifanana na mtu anayepandisha chungu darini. Wenzake walimtania, yeye mwenyewe alipoona video mpya alifunika uso kwa kanga. Na ulikuwa na mipaka: karibu na goli uliingia, ukingoni mwa nusu duara haukufika.

Wiki nyingi baadaye, tukiwa tunakunywa chai, akaniambia ghafla, "Unajua ninachoangalia? Chuma cha nyuma cha ringi. Nikikiangalia mpaka nikaridhika, unaingia."

"Nilikuwa naona," nikamwambia.

"Kwa nini hukusema?"

Nikamweleza. Akanisogezea sahani ya mihogo, akasema nilifanya vizuri, ila nisizoee kumficha mambo.

Mechi ya kurudi kwake ilichezwa Korogwe, dhidi ya walimu wa huko. Nilifunga duka, nikapanda basi na timu. Robo tatu za kwanza alikaa benchi, ameweka mikono katikati ya magoti. Mwalimu mkuu alimwingiza robo ya mwisho, Handeni wakiwa nyuma. Mrusho wake wa kwanza uligonga ringi ukarudi, na nyuma yangu mama mmoja wa Korogwe aliyemkumbuka akamwuliza mwenziwe huyu ndiye yule kweli. Mpira wa pili ukaingia, wa tatu ukaingia, na beki wao, ambaye alikuwa anamsubiri aurushe kutoka mbali kama zamani, akaanza kubabaika, kwa sababu mke wangu hakuwa tena mtu wa kurusha kutoka mbali. Alipokea, akatoa pasi, akajipenyeza karibu, akapokea tena.

Karibu na mwisho timu zilikuwa sawa. Mpira ukamkuta ukingoni kabisa mwa nusu duara, upande uleule ambao miaka ya nyuma nilimwona akifunga bila kugusa chuma. Beki aliinua mikono. Benchi letu wakampigia kelele arushe. Aliunyanyua mpaka usawa wa paji la uso, nami nikaona macho yakipanda kwenye ringi na kutulia, kisha yakaiacha. Alimpa mfungaji mwenzake, akapita mgongoni kwa beki, akarudishiwa mpira akiwa karibu na mlingoti. Akapandisha chungu chake darini. Mpira ulizunguka juu ya chuma, ukaingia. Korogwe hawakupata nafasi ya kujibu.

Aliponifikia alikuwa anatweta, jasho limemlowesha kola ya jezi. Nilimuuliza kama pale ukingoni alishawishika.

"Sana," akasema. "Ila mkono huu si wa kule. Huu ni wa mbele ya goli."

Mechi iliyofuata walifungwa, tena vibaya, na yeye alikosa mingi. Hakuzungumzia tena kurudisha jezi. Siku hizi anafundisha wasichana wa shule yake baada ya masomo, na kinachonishangaza ni kwamba hawaambii habari za goti wala kiwiko. Anawasogeza karibu na goli mpaka wanafunga, halafu hatua kidogo nyuma, halafu anawabadilishia upande kabla hawajazoea, na muda wote anawapigisha soga. Mwalimu mmoja alimwuliza mbona hawaelekezi. Akasema anawaelekeza.

Jioni ile ya Korogwe tulirudi na basi la timu. Wenzake waliimba mpaka tulipouacha mji, kisha mmoja mmoja wakapitiwa na usingizi. Yeye aliniegemea bega, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya paja langu, kifundo kimevimba kidogo, nikakishika ili kisitikisike na barabara. Kabla ya Handeni alikuwa amelala fofofo. Nikahisi vidole vyake vikijikunja na kuachia, polepole, vikipumzika, kisha tena, na nikakaa bila kujongea ili nisimwamshe.