Uvimbe Usiokandwa

Daktari alinieleza mara mbili, kwa kuwa niliposikia neno uvimbe masikio yaliziba. Uko kwenye ini, si saratani, ila mimba inaulisha na unazidi kukua. Ukipasuka utavuja damu ndani kwa ndani, na tunaweza kuwapoteza nyote wawili. Mtu asikubonyeze tumbo.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Junda, nikamweleza mama mkwe vivyo hivyo. Alisikiliza vizuri. Lakini kwake yeye uvimbe, uwe wa goti au wa titi, hukandwa kwa mafuta ya nazi ya moto hadi unywee. Na mjamzito naye hukandwa, mtoto akae sawa. Akaona hapa kazi ni moja.

Jumamosi asubuhi, mume wangu yuko kazini bandarini, nikasikia hodi. Mkunga mzee wa mtaani aliingia na kibakuli chake cha mafuta, mama mkwe nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lala chali nikutizame."

Nilikataa kwa adabu. Akacheka, kama wanavyochekwa wajawazito waoga, mikono tayari inateleza mbavuni. Alipokandamiza upande wa kulia nikaupiga kofi mkono wake, mtu wa umri wa nyanya yangu. Mafuta yakamwagika mkekani.

"Umenitia aibu, wewe mtoto!" mama mkwe akasema.

"Aibu itapita, mama. Mimi sitaki kufa!" Nililia kwa hasira, na kwa hofu zaidi.

Adhuhuri haijaadhiniwa, maumivu yalinishika chini ya mbavu yakapanda hadi begani. Jasho baridi, macho giza. Mama mkwe alitoka mbio bila viatu kutafuta gari. Njia nzima alinishika kiganja tu, asithubutu kunigusa kwingine.

Nilipasuliwa. Mtoto alitoka akilia, damu ikazibwa. Daktari alisema uvimbe ule ungeweza kuvuja wenyewe hata bila kuguswa, hakuna ajuaye. Nilimweleza mama mkwe hayo pia.

Niliporudi nyumbani ilikuwa zamu yake kunikanda kwa maji moto, kama akandwavyo mzazi yeyote wa kwetu. Alikuja na beseni na kitambaa, akakwama mlangoni. Beseni liliinama hadi maji yakamwagikia miguu yake. Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu hospitalini, nikayakosa yote.

"Mwanangu," akasema, "nikuguse wapi?"

Nikamnyooshea miguu.