Gitaa Langu na Rangi ya Kamati

Gitaa langu ni baya. Nakwambia mapema ili siku ukiliona usishtuke ukamwaga chai. Shingo nimeifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, na mpira wenyewe ni mwingi, ukiufungua wote unatosha matairi mawili na kiraka kinabaki. Nikilitundika ukutani mijusi inahamia kwa jirani.

Nilirithi kwa mjomba wangu aliyekuwa akikata mkonge Korogwe. Yeye aliniachia gitaa zima, mimi ndiye niliyelitoboa. Nilikuwa natoka nalo Makuyuni kwa baiskeli, likadondoka, tumbo likapasuka tundu la kupitisha ngumi. Nikaziba kwa kifuniko cha kopo la dawa ya viatu, misumari minne. Msumari mmoja ukalegea. Tangu hapo kila nikigusa uzi mnene, kile kifuniko kinatetemeka, kinalia zzzz, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

Ila sauti yake, bwana! Nikipiga huku Kwamsisi, mbuzi wa Dindira kule milimani wanaacha kula majani ya chai. Najua mbuzi hawali chai. Siku hiyo wanaanza kula, ili wapate cha kuacha.

Sasa nina binti. Alipokuwa mdogo alichelewa kutembea. Wenzake wanakimbiza kuku, yeye kakaa pale pale kama kiroba cha mahindi. Mama yake akamchimbia shimo kwenye mchanga, akamsimamisha humo miguu ipate nguvu. Mtoto akasinzia akiwa wima. Mchana mmoja mimi nimekaa mlangoni napiga kawimbo kangu, nikamwona kainamisha kichwa upande, anasikiliza. Akashika ukuta. Akasimama. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, akanifikia, akabandika kidole kwenye kile kifuniko. Alikuwa anamtafuta nyuki! Mama yake alipiga vigelegele mpaka watu wa ng'ambo wakaja wakidhani kuna ndoa.

Basi ndoa yenyewe ikaja mwaka jana. Binti kapata mchumba wa Dindira, kijana mpole, mrefu, ukimsalimia salamu inachukua muda kufika. Tukapanga sherehe ya kumuaga, hii wanayoiita sendofu. Binti akaja akakaa karibu yangu akasema, "Baba, wakati wa kuingia sitaki muziki wa kwenye kompyuta. Nataka niingie na nyuki."

Nikamwambia, "Mwanangu, nyuki utampata, hata kama mimi nitakuwa nimekufa nitafufuka nipige, nirudi."

Nilikuwa nimeahidi bila kuiuliza kamati. Na mwenyekiti wa kamati ni dada yangu mkubwa, shangazi yake binti. Dada yangu alishaamua rangi ya sherehe ni zambarau. Vitambaa zambarau, viti vimevalishwa zambarau, mlango wangu wa mbele kaupaka zambarau. Nilimwona anamwangalia ng'ombe wa kitoweo, nikamwahi, "Dada, huyo mwache na rangi yake."

Akaligeukia gitaa. "Na hilo dude ndilo utakaa nalo mbele ya wakwe?"

"Dada, wakwe watakuja na masikio."

"Na macho watayaacha Dindira? Kuna mpiga video, mdogo wangu. Hiyo video itafika mpaka kwa watu ambao hatuwajui. Waseme familia yetu inapiga takataka?"

"Video ina sauti."

"Ina picha kwanza. Lipake rangi, la sivyo nawaambia waweke ya kompyuta. Nimemaliza."

Dada yangu akisema nimemaliza, ujue wewe ndiye uliyemaliza.

Nikachukua kopo la rangi ya mafuta iliyobaki mlangoni. Nikapaka mkono wa kwanza. Kupendeza! Nikaongeza wa pili. Wa tatu nikaongeza kwa tamaa tu, dada hakuniagiza. Nisidanganye, nililipenda. Nililianika uani likang'aa mpaka ndege wakawa wanapita mbali wasichomwe macho. Majirani wakaja kupiga nalo picha. Mtu aliyewahi kuniambia gitaa langu linafaa kuchomea mahindi, naye kaja, kalikumbatia kama mchumba wake, kacheka. Nikajiona msanii wa kwenye kalenda.

Ijumaa asubuhi, sherehe ni kesho yake, nikasema nijaribu. Nikapiga uzi mnene.

Puu.

Nikarudia. Puu. Kama unagonga gunia la unga. Rangi ilikuwa imeugandisha ubao, haupumui kabisa.

Mke wangu akatoa kichwa jikoni. "Umelipiga au umelishika?"

"Nimelipiga kwa nguvu zangu zote."

"Basi limekufa. Na mtoto umemwahidi."

Hapo ndipo utani ulinitoka. Nikakaa chini na lile gitaa zuri kuliko yote Handeni, bubu kuliko yote Tanga, nikamwona binti yangu kesho anaingia kwa muziki wa mtu asiyemjua. Nikaenda nikavunja chupa. Mpini wa jembe tunaulainisha kwa kigae cha chupa, unaparuza mpaka unateleza, nikasema leo jembe ni hili. Nikaparuza kuanzia asubuhi mpaka wali wa mchana ukapoa. Mgongoni na ubavuni nikaacha zambarau, nikahangaika na uso tu, maana sauti inatokea huko. Maganda ya rangi yalijaa uani, ungedhani nimechinja mbilingani mia.

Dada akatokea. Alifunga macho kidogo, akayafungua. "Umeharibu."

"Nimeponya, dada."

"Basi hapo kwenye kifuniko acha. Pamekaa kama ua. Niachie hata hapo."

Nikamwonea huruma, nikaacha. Nikagusa nyuzi, sauti ikatoka! Nyumba nzima ikashangilia. Nilisikia kama kuna kitu kimepungua, lakini mtu aliyerudishiwa mgonjwa wake hamuulizi mbona umekonda.

Jumamosi mchana wakwe wakateremka, wamevaa makoti ya baridi ya milimani, jua letu likawapokea kwa mikono miwili. Wakaketi chini ya maturubai. Mimi nikawekwa mbele kwenye kiti cha zambarau, dada kasimama pembeni yangu na kilemba kirefu cha zambarau kilichoshikwa na pini. MC akatangaza, "Wageni wetu, tumpokee binti!" Binti kasimama mlango wa turubai, kapendeza, mimi baba yake nikasahau uzi wa kwanza ni upi.

Nikapiga. Sauti safi, laini.

Hakutembea.

Nikarudia toka mwanzo. Kasimama tu, anatazama viatu. MC akasema, "Karibu, binti, usione haya." Hakuna. Nyuma kwa wakwe nikasikia mama mmoja ananong'ona, "Kakataa?" Mwenzake akajibu, "Labda kiatu." Yule kijana mrefu alikuwa anafupika huku namwona. Dada akamkonyeza mtu wa muziki wa kompyuta.

Nikamtazama mwanangu vizuri. Alikuwa kainamisha kichwa upande, vile vile kama mchana ule mlangoni. Ndipo nikaelewa nilichopunguza. Mikono mitatu ya rangi ilikuwa imebandika kifuniko, kile kilichoachwa kama ua. Nyuki alikuwa kafungiwa ndani!

Ukucha wangu haukufaa kitu. Nikanyoosha mkono, nikachomoa pini kwenye kilemba cha dada.

"We! Wewe mtoto!"

Kilemba kikaanguka chote, kwanza mabegani, kisha chini, kilikuwa kirefu kingeweza kufika Korogwe mjini. Mpiga video kageuza kamera huko huko. Mimi nikachokonoa rangi kwenye msumari, nikainua kifuniko kidogo, nikapiga uzi mnene.

Zzzz.

Binti akacheka kwa sauti, bila kuziba mdomo, mbele ya wakwe. Akaanza kutembea. Alikuja mpaka kwangu, akainama, akabandika kidole kwenye kifuniko. Mama yake akapiga vile vile vigelegele, havijazeeka. Mimi jasho la machoni lilinitoka, jua lilikuwa kali, waulize wakwe.

Baadaye wakati wa chakula, mzee wa Dindira, baba wa yule kijana, akanisogelea. "Mkwe, gitaa lako lina mdudu."

"Ndiyo, mkwe. Tumemfuga."

"Msimfukuze," akasema, akaongeza pilau.

Watu huniuliza gitaa ni sura au ni sauti. Mimi najibu sauti, halafu naangalia kama dada yangu yupo. Akiwepo naongeza kwamba mgongo wa langu ni wa zambarau, na ukilitundika kwa kuligeuza limependeza kweli. Ndivyo nilivyolitundika, mgongo huku kwa wageni. Mijusi imerudi. Binti akija kusalimia, hata maji hajanywa, analigeuza.