Shikamoo ya Kassimu

Watoto wa shule wanaopita mbele ya nyumba ya Rahabu, juu kidogo ya barabara iendayo Magamba, humcheka chini chini. Hawajamaliza kumwamkia, naye ameshaitikia kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde: "Marahaba, wajukuu zangu! Marahaba!" Hawajui kwamba zamani alikuwa mama mpole, asiyepaza sauti hata kwaya ilipoimba.

Rahabu alijaliwa mtoto mmoja, Mika, aliyenunua viazi kwa wakulima wa Shume na kuviuza Lushoto mjini. Jioni moja Mika hakurudi. Aliuawa msituni na watu ambao hadi leo hawajajulikana. Aliyemkuta ni jirani yao Kassimu, mpasua mbao, ambaye alivua koti akamfunika, kisha akambeba mgongoni hadi barabarani. Siku ya maziko, ingawa yeye ni Mwislamu na ibada ilikuwa ya Kilutheri, ndiye aliyeanza kuchimba kaburi. Tangu hapo, kila asubuhi akienda kazini na msumeno wake mrefu begani, alisimama penye ua wa Rahabu.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

Hakuondoka pale kabla ya kuisikia marahaba yake.

Miaka ikapita, wakaja watu wa televisheni kutoka Dar es Salaam. Walikuwa vijana wenye adabu. Rahabu aliwaeleza yote, akitumaini kwamba kisa kikionyeshwa nchi nzima, huenda mtu aliyejua jambo angesema. Alimsifu Kassimu mbele yao kwa machozi.

Tamthilia waliyoitunga aliitazama sebuleni kwa Beatha, jirani mwenye televisheni, wanawake wamejaa hadi mlangoni. Kila ilipoanza yalitokea maandishi kwamba imetokana na kisa cha kweli. Kijana aliyeigiza nafasi ya Mika alikuwa na macho ya Mika kabisa, na Rahabu alilia kimya kimya, wiki baada ya wiki. Lakini watungaji walihitaji muuaji, na kwa kuwa wa kweli hakujulikana, walijibunia wa kwao. Katika sehemu ya mwisho, mpasua mbao aliyeukuta mwili ndiye aliyeua.

"Mh!" Beatha akaguna. "Na vile alivyojitia kubeba!"

"Huo ni mchezo tu," Rahabu akasema.

"Mchezo? Si wameandika ni kisa cha kweli? Wenzetu wale wameongea na polisi, dada. Sisi tutaambiwa nini huku milimani?"

Kulipokucha, Kassimu akasimama penye ua kama kawaida yake. "Shikamoo, mama."

Rahabu, aliyekuwa akipalilia mboga, akainua macho, akauona msumeno ule begani, na papo hapo akamjia machoni yule muuaji wa kwenye tamthilia. Kassimu akarudia, taratibu zaidi. Rahabu akainamia mboga zake. Pale bombani, hatua chache kutoka uani, Beatha alikuwa akikinga maji.

Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imezagaa: hata mama wa marehemu hakumwitikia! Huku kwetu watu hununiana na kutetana, lakini shikamoo huitikiwa. Kuiacha bila jibu ni kumtoa mtu katika watu. Sokoni wakamtania Kassimu kwa sauti, "Bwana, mimi viazi vyangu nauzia hapa hapa, usinisindikize msituni!" Alen, aliyekuwa akivuta naye msumeno, akasema mkewe amemkataza. Na msumeno ule hauvutwi na mtu mmoja.

Rahabu aliyasikia yote hayo, akaona haya kutoka. Kila asubuhi alijiambia kwamba Kassimu akipita atamwitikia, lakini Kassimu alikuwa ameanza kupita njia ya chini. Aliposikia kwamba Zakia, mke wa Kassimu, amechukua watoto na kwenda kwa kaka yake anayechuma chai Bulwa, alijifunga kitenge akateremka.

Alimkuta Kassimu akiufunga msumeno ndani ya gunia.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akiwa bado mlangoni.

Kassimu hakugeuka upesi. "Shikamoo ile niliitoa siku ile, mama."

"Najua. Nilitazama televisheni nikausahau mgongo uliombeba mwanangu."

Kassimu akauweka msumeno chini, akasogea, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kassimu. Marahaba, baba."

Hapakuwa na mtu wa kuisikia.

"Basi usiende," akamsihi. "Nitawaambia mwenyewe."

"Waambie, mama. Wataniamkia kwa ajili yako. Lakini nani atashika ule upande wa pili wa msumeno?"

Kesho yake Kassimu alikwenda Bulwa kwa mkewe na watoto.

Rahabu alisimama kanisani baada ya matangazo, akasema kwamba Kassimu hakumuua Mika. Akasema sokoni, akasema na bombani. Beatha akamshika mkono kwa upendo. "Dada, wewe una huruma kupita kiasi." Na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Siku hizi, saa ile ambayo Kassimu alizoea kupita, Rahabu huacha mboga zake, akasimama penye ua, uso ameuelekeza njiani watokeako watoto wa shule.