Sabuni ya Jela ya Bi Thuwaiba

Ukifika Pangani ukauliza nyumba ya Thuwaiba wa makumbi, utaletwa mpaka mlangoni, na huenda utakayemkuta barazani ni mimi, Kazija, wifi yake. Kaka yangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyemwoa, kwa hiyo mwanamke huyu nina haki ya kumsema mpaka mmoja wetu afe. Leo nitasema habari ya mwaka themanini na nne, alipojifungia mzigo wa kwenda jela.

Thuwaiba alikuwa na biashara ndogo ya kamba. Pwani hii kila mtu anajua kazi ilivyo: unayafukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ufukoni, unayaacha miezi na miezi yalainike, kisha unayafukua na kuyapiga kwa gongo mpaka nyuzi zitoke. Kazi inanuka, jamani! Harufu ya shimo inakushika mikononi ukaenda nayo mpaka harusini. Na magoti ya Thuwaiba yalishaanza kumkatalia kuinama matopeni. Basi akaja na jambo lake: kwa nini isiwepo mashine ya kutoa nyuzi kwenye makumbi mabichi, shimo tukaachana nalo kabisa?

Mimi nilimcheka mpaka nikashika ubavu. Fundi Manase hakucheka. Huyu alikuwa Mbondei wa Muheza, mtu wa kanisani, aliyetengeneza mashine za mkonge miaka mingi kabla mashamba hayajalala. Alichukua msumari akaanza kuchora ardhini, wakainamiana pale mpaka chakula kikapoa. Ila chuma kingetoka wapi? Siku zile hata kiberiti hakikupatikana, ulikwenda kuomba moto kwa jirani.

Ndipo wakasikia kwamba serikali inatoa ruzuku kwa wenye biashara ndogo wanaotaka kujaribu kitu kipya. Wakaenda Tanga, mpaka ofisini kule Usagara, wakamkuta Bwana Idarusi, kijana mpole mwenye miwani. Aliwasikiliza, akaja Pangani kutazama, na pesa zikatoka kweli. Alipoaga alisema, "Haya mama, jaribuni. Nitakuja kuona mmefikia wapi."

Manase akaunda mashine: pipa lenye meno ya chuma, unalizungusha kwa pedali za baiskeli. Siku ya kwanza tulipiga vigelegele. Siku ya pili tukazitazama nyuzi vizuri. Zilikuwa fupi, kavu, zimejaa vumbi, na kamba iliyosokotwa nazo ilikatika mikononi mwangu nilipoivuta. Manase akabadilisha meno, akayapanga upya, akayanoa. Wapi! Mwisho pipa lenyewe likapasuka, na chuma cha kulitengenezea jingine hakikupatikana Pangani wala Tanga.

Hapo ndipo woga ulipoingia. Nani aliwahi kusikia pesa ya serikali inaliwa na pipa bovu, halafu watu wanasema yamekwisha? Mwaka uliotangulia tulikuwa na msako wa wahujumu uchumi. Jirani yetu alichukuliwa kwa ajili ya sukari iliyokutwa darini, na watu wazima na heshima zao walitupa vitenge mtoni wasikutwe navyo. Thuwaiba akaacha kula. Kila tuliposikia Bwana Idarusi ameahirisha safari kwa kukosa petroli, mwanamke alisema alhamdulillahi, akamwomba Mungu petroli isionekane nchi nzima.

Petroli ikaonekana. Habari ikaja kwamba Alhamisi anafika.

"Nitafukua shimo langu," Thuwaiba akatwambia, mimi na Manase. "Nitapiga nyuzi nzuri, nizioshe, nizianike. Nitamwambia zimetoka kwenye mashine."

"Wewe una wazimu," nikamwambia.

"Bora wazimu kuliko jela."

Manase akakuna kichwa. "Mama, mimi nitanyamaza. Lakini nikiulizwa, uongo siwezi."

"Basi usiulizwe!" Thuwaiba akamjibu.

Alizipiga nyuzi zile, akazisuuza kwa maji ya kisima na majani ya mlimau, akazianika juani. Zilikuwa nyeupe, ndefu, za kupendeza. Pipa lililopasuka tuliligeuza upande mzima utazame mlangoni. Na asubuhi ya Alhamisi, nilipoingia chumbani kwake kutafuta ufagio, nikaukuta mzigo chini ya kitanda. Nikaufungua, nani angeuacha? Kanga, msala, mswaki, na mche wa sabuni. Mzima!

Wallahi nilipandwa na hasira. Sisi tunafulia majani ya mpapai, nguo zinageuka rangi, na wifi yangu amekalia mche wa sabuni!

"Hiyo ni ya jela," alisema, akanipokonya mzigo. "Kule sijui kama wanatoa." Kisha akaanza kulia, na hasira yangu yote ikaniishia. Nikamkumbatia tukalia sote wawili.

Bwana Idarusi aliingia ameshika mkoba. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akamwonyesha nyuzi haraka haraka, kabla hajaulizwa lolote. "Hizi hapa. Ndizo za mashine."

Kijana akachukua fungu, akalivuta, halikukatika. Akatabasamu. Kisha akalisogeza puani. Akanusa mara moja, akanusa tena, na tabasamu likamtoka. Manase alikuwa akivitazama vidole vya miguu yake. Mimi nilianza kusoma dua.

"Mama," alisema taratibu, "mimi ni mtoto wa Mwera, hapa hapa Pangani. Nimelelewa na makumbi. Mama yangu alikuwa akinibeba mgongoni mikono inanuka hivi hivi. Hizi zimetoka shimoni."

Thuwaiba aliingia chumbani, akatoka na mzigo wake kwapani. "Nichukue mimi. Manase ana watoto wadogo, na huyu wifi yangu ni domo tu, hana alijualo."

"Safari ya wapi, mama?"

"Si jela?"

Kijana akavua miwani, akaketi juu ya gunia. "Jela ya nini? Mama, ile ruzuku ilikuwa ya kujaribu. Umejaribu?"

"Nimejaribu mpaka pipa limepasuka!"

"Basi pesa imefanya kazi yake. Ungenidanganya ukafaulu, ningeandika kwamba mashine inafaa. Wangetengeneza nyingine, wakawapelekea wanawake wa Mafia na Lindi, nao wakavunjikiwa kama nyinyi. Niletee zile mbovu. Hizo ndizo nilizozifuata."

Zile mbovu! Tulikuwa tumezificha jikoni tuziwashie moto. Nilikimbia kuzileta, na Manase, aliyekuwa bubu tangu asubuhi, akafunguka hakufungika tena. Aligeuza pipa upande uliopasuka, akaeleza meno, akaeleza vumbi, akaeleza kwamba huenda makumbi yakilowekwa kidogo tu kwenye tangi, nyuzi hazitakatika. Bwana Idarusi aliandika mpaka akabadilisha kalamu.

Tangi lilijengwa baadaye, kwa ruzuku ya pili, na mashine ikatoa nyuzi za kuridhisha. Biashara ya nje ilipofunguliwa na kamba za nailoni zikajaa sokoni, Thuwaiba alihamia kuuza nyuzi za kujazia magodoro, na nyumba hii ameikarabati kwazo. Lakini siku ile hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba Thuwaiba amesimama nyumbani kwake, haendi popote, nami nikamvutia kigoda.

Nikapakua wali. Bwana Idarusi akaitazama mikono yake, akacheka. "Harufu hii haitoki kwa maji matupu."

Thuwaiba akanitazama. Nami nikamtazama. Akaufungua mzigo pale pale mbele ya mgeni, akatoa ule mche, akaukata kwa kisu cha nazi. Mgeni akanawa, Manase akanawa, mimi nikanawa mpaka viwiko, povu likanidondokea miguuni nisijali. Yeye akanawa mwisho, polepole, anacheka na machozi yanamtoka. Kipande kilichobaki alitaka kukifunga tena kwenye kanga.

"Lete hapa," nikamwambia. Nikakipeleka bafuni.