Uzi wa Nne wa Gitaa la Baba

Tundu la gitaa la baba lilinuka mafuta ya taa, vumbi la mahindi na moshi wa jikoni. Najua kwa sababu tulikuwa tukiingiza pua humo kwa zamu, yeye akiwa shambani. Lilikuwa gitaa kuukuu lenye rangi ya chai iliyokolea. Babu alipewa na mzungu wa shamba moja karibu na Kitale, mzungu huyo alipokuwa akirudi kwao. Ubavu mmoja ulikuwa na ufa ambao baba aliuziba kwa gundi ya seremala. Jioni, nyumbani kwetu Matulo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, baba alilipiga kwa vidole viwili tu, na mama alikaa kando yake akikwaruza chupa ya soda kwa msumari ili kushika mapigo. Sisi watoto tulipukuchua mahindi tukisikiliza nusunusu, kama mtu anavyosikiliza mvua.

Wapiga gitaa wa zamani wa kwetu walikuwa na desturi moja. Kila mmoja alizikaza nyuzi zake kwa namna yake, na namna hiyo ndiyo iliyompa sauti isiyofanana na ya mwingine. Kwa hiyo baba hakumpa mgeni gitaa kabla ya kulegeza nyuzi mbili tatu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Aliyesumbuka zaidi kuitafuta siri hiyo alikuwa Mzee Athmani, fundi cherehani wa Kitale. Nyuma ya duka lake, karibu na msikiti, alikuwa na chumba kilichojaa magitaa makuukuu aliyoyakusanya kuanzia Moi's Bridge hadi Bungoma mjini. Hakuwa mpigaji hodari, na alikiri mwenyewe. Aliyapenda tu, kama wengine wanavyopenda ng'ombe.

“Mzee, hata leo utakunywa chai urudi mikono mitupu,” baba alimwambia kila alipokuja.

“Nitarudi mpaka uchoke, bana.”

“Basi ngoja nife. Hapo ndipo utalikuta halijalegezwa.”

Hata mara ya mwisho walicheka wote wawili. Baba alikufa mwaka huohuo, wakati wa palizi, kwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Siku ya tatu baada ya mazishi ilikuwa siku ya kunyoa nywele na kufua nguo za marehemu kabla hazijagawanywa. Wanawake walijaa uani na mabeseni yao, kila mmoja na shati au blanketi. Mimi sikuwa nimepewa kitu. Nikaona ni vibaya vitu vyote vya baba vioshwe na kile alichokipenda zaidi kibaki na uchafu. Nikalitoa gitaa nje, nikalegeza nyuzi zote sita, nikazivua, nikazisugua kutu kwa majivu, nikafuta ubao kwa kitambaa chenye maji. Shangazi aliponiona alicheka huku machozi yakimtoka. “Ati unaogesha gitaa? Si uianike kwa kamba na mashati!” Hakuna aliyenizuia. Mama alikuwa ndani akinyolewa. Nilirudisha kila uzi mahali pake, nikaukaza hadi ukanyooka, nikajiona nimemfanyia baba heshima.

Wiki iliyofuata Mzee Athmani alifika, akiwa na redio ya kaseti ya kunasia sauti. Alitoa pole, akaketi. Mama ndiye aliyemletea gitaa. “Hakuna aliyeligusa,” alisema. “Liko vile alivyoliacha.” Mzee alipitisha kidole juu ya nyuzi mara moja tu, akakiondoa.

“Mama Nekesa, hili limefunguliwa.”

Nikasema ni mimi, nililiosha. Hakunigombeza. Mama naye hakunigombeza, ila aliweka mkono juu ya kichwa chake kilichonyolewa, akauacha hapo.

“Basi tutaitafuta sauti yake,” Mzee alisema. “Nyinyi wawili ndio mliomsikia kila jioni.” Akaanza kukaza uzi mmoja mmoja, polepole, akiugonga kwa ukucha, nasi tukimwambia asimame. Uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu tulikubaliana. Alipofika wa nne, mama alisema, “Hapo.”

Nikasema, “Bado. Panda.”

“Nekesa, mimi nimekaa kando yake miaka kumi na minne.”

“Bado, mama.”

Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine. “Masikio ya mtoto hayajachoka,” alisema, akaukaza zaidi. Mama alinitazama kwa muda mrefu. “Sawa,” akasema. “Kama mtoto amesema.” Nyuzi mbili zilizobaki hazikutusumbua. Mzee alinasa sauti zote kwenye kaseti, na mama akampa gitaa akalitunze Kitale, kwani nyumbani hapakuwa na wa kulipiga.

Ukweli ni kwamba sikuwa nakumbuka. Nyuzi zile tatu za mwanzo nilimfuata mama tu. Kwenye wa nne nilitaka mimi niwe ndiye niliyemrudisha baba, kwa kuwa ni mimi niliyempoteza, na bila kubisha nisingeonekana. Mama alijua. Hakulitaja jambo hilo maisha yake yote; tulimzika mwaka jana.

Siku hizi vijana wa Kitale na Bungoma wanaipiga namna ya baba. Kaseti ya Mzee iliingizwa kwenye simu, ikatoka simu hii ikaenda ile. Kijana hahitaji kunywa chai ya mtu mara kumi ili aijue siri yake. Simu inasikiliza uzi, inawaka kijani, inamwambia yuko sawa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika Kitale, imerudi Bungoma, na bado inakwenda. Nikiwasikia wakipiga, watu hunipongeza kwa urithi wa baba, nami hushukuru.

Naandika ili wanaoipiga waulegeze uzi wa nne, hadi pale mama aliposema “hapo.” Ni wapi hasa, siwezi kuwaonyesha. Aliyepajua nilimbishia.