Ijumaa app yangu ilipolala dukani kwa Mzee Seif

Wakuu, habari za humu.

Niko Bujumbura. Code nimejifunza mwenyewe, sina cheti hata kimoja. Ninayoandika hapa yamenitokea mimi, na sehemu zinazonitia aibu sijaziondoa, maana nadhani ndizo zenye faida.

Kwanza mjue tabia yangu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Button ikikaa upande kidogo tu, silali. Kabla ya kumtumia mtu link naifungua mwenyewe mara tano.

Kumbukeni hilo, ndilo lililoniponza.

Mzee Seif ana duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Buyenzi. Familia yao ina asili ya Oman, wako kwenye biashara hiyo tangu enzi za babu yake. Mteja anasema anachotaka kaunta, Dada Aline wa kaunta anamwandikia bon, karatasi ya kuchukulia mzigo, na mteja anaipeleka bohari nyuma ya duka anapewa mzigo. Yote kwenye carnet, daftari la karatasi. Bon zinapotea, stock haijulikani.

Dada Aline ni jirani yetu mtaa wa Mutanga Sud. Ndiye aliyeniombea nafasi. Alimwambia Mzee, "Huyu mutoto namujua, atakutengenezea kitu safi."

Mzee akakubali kujaribu app yangu ya kuandika bon na kuhesabu stock wiki moja, kuanzia Jumamosi.

"Ijumaa nikitoka musikitini ntakaa hapa mwenyewe niangalie," alisema. "Ikienda, carnet tunaacha. Isipoenda, Aline asiniletee tena mutu."

Kwa hiyo lililokuwa hatarini halikuwa jina langu tu. Lilikuwepo na la Aline.

Sasa tatizo. App niliiweka kwenye server ya bure huko cloud. Zile za bure, dakika kumi na tano zikipita bila mtu kuigusa, inazimwa. Wa kwanza kuja baada ya hapo anasubiri iwake upya. Ndiyo cold start. Yangu ilichukua karibu dakika nzima. Dakika nzima mbele ya fundi aliyeshika orodha yake mkononi ni ndefu kuliko misa.

Nilijua. Sikumwambia mtu.

Nilichofanya, kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa naiamsha kwa simu nikiwa kitandani. Mchana wateja wenyewe wanaiweka macho, na pakitulia nagusa refresh. Kila dakika kumi, kwa alarm. Nikila, nagusa. Nikiwa chooni, nagusa.

Jumanne alarm ilinipita app ikalala, Aline akanipigia. Nikajibu, "Ni connexion, Dada." Hapa Buja ukisema connexion, yaani mtandao, hakuna anayebisha.

Ijumaa nilifika dukani saa tano. Asubuhi yote ilikuwa imeenda vizuri. Saa sita wakateremsha milango ya chuma. Siku nyingine duka halifungwi mchana, watu wanakula kwa zamu. Mimi ni Mkristo, nilikuwa nimehesabu kila kitu isipokuwa kwamba duka hufungwa kwa sala ya Ijumaa. Mzee na watu wa bohari wakaenda msikitini, Aline akaenda kula, nikabaki barazani na simu yangu.

Nikagusa refresh. Ikakataa.

Unités, salio la simu, zimeisha. Ukurasa wangu ulikuwa na picha za bidhaa zote, kubwa na nzuri, nilizozipanga mwenyewe. Wiki nzima kila refresh ilikuwa inakula data.

Nikakimbilia kibanda cha unités. Kimefungwa. Cha pili, kimefungwa. Mtaa mzima uko kwenye sala. Wi-Fi ya duka iko nyuma ya mlango wa chuma. Nikasimama juani nikiangalia saa. Dakika kumi. Kumi na tano. Nilijua kabisa dakika ambayo server ilizimwa, nikabaki nimesimama tu.

Walirudi wote kwa pamoja, na wateja nyuma yao. Mzee akavuta kiti, akakaa kando ya Aline. Fundi wa kwanza akataja vitu vyake. Aline akabonyeza.

Duara la kusubiri likaanza kuzunguka kwenye skrini.

Sikuweza kuangalia skrini. Niliangalia mikono ya Mzee.

"Papa, misumari ni ya mbao ao ya mabati?" Aline akamuuliza fundi.

"Ya mabati. Nimesema."

"Ya inchi ngapi?"

"Tatu. Na hiyo nimesema."

"Na rangi, unataka ya ndani ao ya inje?"

"Mama, mi sikuulizia rangi. Mi nataka misumari."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Ukurasa ukafunguka, naye akanigeukia.

"Ni nini hii? Connexion?"

Wakuu, alinipa uongo mkononi. Nilitakiwa kuitikia tu. Nikamwangalia Aline, akainamisha macho kwenye keyboard.

"Apana, Mzee. Connexion iko muzuri. Ni app yangu, isipoguswa inalala. Na nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua."

"Nilijua."

Akafungua droo, akatoa carnet, akaiweka mbele ya Aline. "Hii yangu hailali," akasema. Mchana wote bon ziliandikwa kwa mkono nikiwa nimekaa palepale. Wakati wa kufunga ndipo aliponiambia, "Ijumaa ingine. Ya mwisho."

Njiani nilimwomba Aline msamaha.

"Mi nilijua tangu Jumanne," akasema. "We unasema connexion, na WhatsApp yangu iko inaenda. Kutoka siku hiyo ikilala namuuliza muteja maswali ya bure mpaka iamuke."

"Mbona haukuniambia?"

"Ningekuambia ungelala na hiyo laptop kwenye kifua. Si nakujua."

Siku zote hizo mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi.

Nyumbani nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni, kupima. Niliandika muda wa kila hatua ya kuwaka, nikasoma log. Server yenyewe ilikuwa inaamka kwa sekunde chache. Muda mwingine wote ulikuwa wangu. Kwa woga wangu nilikuwa nimeandika kwamba kabla app haijamjibu mtu yeyote, ipitie bidhaa zote moja moja, ihakikishe bei ipo, picha ipo, jina halina kosa. Kila inapoamka.

Ile tabia ya kufungua link mara tano, nilikuwa nimeifundisha na server.

Nikahamisha ukaguzi ufanyike pembeni app ikiwa imeshafunguka. Nikapunguza picha. Nikatoa library nne, code za watu wengine, nisizozitumia. Najua mtasema weka cron, programu ya ratiba, iipige ping kila baada ya dakika chache isilale. Sikuiweka makusudi, nilitaka kuiona ikiamka yenyewe.

Ijumaa iliyofuata, saa sita, nilizima simu kabisa. Nilikaa barazani mpaka waliporudi.

Mzee kwenye kiti chake. Aline akabonyeza. Duara. Fundi akasema, "Mabati kumi na mbili, na..." Akiwa bado anatafuta ya pili kwenye karatasi yake, ukurasa ukafunguka. Aline hakumuuliza hata swali moja.

Baadaye kidogo mteja alinunua misumari ya kupima, hana cha kuibebea. Mzee akavuta carnet, akachana karatasi mbili safi, akamfungia misumari yake.

Nilichobaki nacho ni hiki: nililaumu cloud wiki nzima bila kupima, na uchelewaji mwingi ulitoka kwenye woga wangu mwenyewe. Na anayetumia kazi yako anakujua kuliko unavyodhani, mwambie mapema.

Wenye server za bure, zenu zinaamka kwa sekunde ngapi, na mlipopima mlikuta nini? Na kama kuna mteja aliyewahi kukufichia kosa lako, simulia, nisijione peke yangu.