Mkwe Wangu Katika Mlolongo wa Pili

Kuna siku moja ya kura, mwanangu, ambayo hainitoki akilini, na kila uchaguzi ukikaribia huwa naishukuru upya. Ninyi mnaopiga kura kwa mara ya kwanza mtaingia peke yenu nyuma ya kiboksi, mtatia alama, mtakunja karatasi, basi. Sisi tulipiga kura ya mlolongo. Wakala wa kila mgombea alisimama uwanjani ameshika picha kubwa ya mtu wake, nawe ukajipanga nyuma ya picha unayoitaka, juani, mbele ya bosi wako, pasta wako, na hata mkwe wako.

Nilikuwa kijana kutoka Bungoma, nakata mkonge huku Gatuanyaga. Hata mipaka haikuwa hivi. Ruiru, Thika na sisi tulikuwa jimbo moja kubwa kabla ya kukatwakatwa. Wadi yetu ilianzia juu kwenye kahawa na mvua, ikateremka mpaka huku kwenye vumbi na mbuzi. Watu wa juu walikuwa wengi, kwa hiyo kila mara diwani alitoka kwao. Sisi wa chini tulimwona wakati wa kampeni tu, na viatu vyake vinang'aa. Kati yetu kulikuwa na mto usio na daraja. Mvua ya mwaka ule jirani yangu Mama Anyango alishikwa na uchungu, akajifungulia ukingoni akingoja maji yapungue avuke kwenda hospitali. Mtoto hakuishi. Jambo lile liliniuma sana.

Basi mwalimu mmoja wa huku chini akagombea udiwani, neno lake likiwa moja tu, daraja. Nami nilikuwa nimempenda Nyambura, tuliyeimba naye kwaya, binti wa Mzee Gatimu wa kule juu. Shida ni kwamba Mzee Gatimu ndiye aliyempigia diwani debe. Walikuwa wa rika moja. Na Jumamosi iliyofuata siku ya kura wazee wangu walikuwa waje kumposa binti.

Siku ya kura nikajipanga nyuma ya picha ya mwalimu. Mlolongo wetu ulikuwa mfupi hadi unatia huruma. Ule wa pili ulizunguka uwanja, na Mzee Gatimu yuko mbele kabisa, ananitazama bila kupepesa jicho. Mwenzangu wa shambani akanijia mbio kutoka upande wao.

"Wewe, hama! Bado hawajahesabu. Unataka bibi ama unataka daraja?"

Ni kweli, kabla ya hesabu kuanza mtu angeweza kuhama, na wengi walihama. Miguu yangu ilitaka kwenda. Nikamwona Mama Anyango amesimama mbele yangu, nikabaki. Tulishindwa, tena vibaya.

Jioni nikapanda kwa Mzee Gatimu. Nilijua nimekosa mke, ila nilitaka kuyasikia kwa mdomo wake. Nikamkuta akiwakatia ng'ombe majani, wala hakunikaribisha kuketi.

"Wafula, leo umeniaibisha mbele ya watu yote," alisema. "Wananiuliza, huyo ndiyo mkwe?"

"Pole, mzee."

"Pole ya nini? Ngoja nimalize. Ningekuona umeruka kuja laini yangu, hapa haungekanyaga tena. Mtu anaruka sababu ya msichana, akiona mwingine si ataruka tena? Jumamosi mkuje. Na mkuje mapema, mimi sipendi kungojangoja."

Mwanangu, nililia nikishuka ule mteremko, na sioni haya kukuambia. Baadaye mzee yule yule alimshika diwani mkono, akamleta ukingoni wakati wa mvua auone mto mwenyewe. Daraja lilichukua miaka, lakini lilijengwa. Ndilo hilo pikipiki zenu zinapitia.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Kwenye kiboksi hakuna anayekuona, lakini piga kura ambayo ungekubali kusimama nayo juani, na kabla ya kuchagua umkumbuke jirani anayeumia. Aliye upande ule mwingine usimtukane kwenye simu. Huenda ndiye atakayekupa mke, au daraja. Mungu akulinde, akutulize miguu siku watu watakapokukodolea macho, na akujalie mkwe kama niliyejaliwa mimi.